Steshenari ya Mwalimu pale Masasi: tulihamia Linux mara mbili

Kila nikisema nimesaidia kuhamisha steshenari kutoka Windows kwenda Linux, ule mfumo endeshi wa kompyuta wa bure, watu wananiuliza swali moja, umeweka Linux gani, na kwa jinsi nilivyoona mimi hilo ndo swali lenye uzito mdogo kuliko yote. Ile steshenari tuliihamisha mara mbili. Mara ya kwanza tulidumu siku tisa tukarudi tulikotoka, mara ya pili tupo mpaka leo, na Linux ilikuwa ile ile, aina inayoitwa Mint, kompyuta zile zile, mezani watu wale wale. Kwa iyo nataka nieleze kisa chote kama kilivyokuwa, pamoja na pale nilipokosea, maana najua kuna mafundi wenzangu huku Kusini wanafikiria kufanya hivi hivi.

Duka lipo Masasi, mitaa ya Mkuti. Mwenye duka ni mama mwalimu mstaafu, wote tunamwita Mwalimu, hata wajukuu zake wanamwita hivyo. Ana binti mmoja anamsaidia. Kompyuta ni tatu, mbili ni Dell OptiPlex za mtumba, prosesa i5 ya kizazi cha 3, ramu GB 4 kila moja, ya tatu kongwe zaidi imekaa pembeni karibu na mlango wa stoo. Kuna fotokopi mashine kubwa ambayo inaprinti pia, kuna printa ya rangi ya kujaza wino kwa chupa, na kuna kaprinta kadogo ka leza ambako ndo kanabeba duka, barua za wanakijiji, fomu, CV, vyote vinapita pale kwa sababu kujaza wino wake ni bei rahisi.

Tatizo lililonileta pale lilikuwa flashi. Mtu yeyote aliyewahi kukaa steshenari anaijua hii, mteja anachomeka flashi yake, unafungua unakuta folda zote zimegeuka shotikati, ukibonyeza moja tu basi na kompyuta yako imeshaipata, af kila mteja atakayekuja baada ya hapo anaondoka nayo. Mwalimu alikuwa anaita fundi kila baada ya miezi miwili mitatu anapigiwa Windows upya, elfu 15 kwa kompyuta, na kila ikipigwa inawekwa na kreki, yani kiprogramu cha kuikwepa leseni, na hizo kreki nyingi ili zifanye kazi lazima uizime antivirusi kwanza. Yani unamwondoa mlinzi getini halafu unashangaa kuibiwa. Simlaumu Mwalimu hata kidogo, hakuwahi kuambiwa kuna njia nyingine, na leseni halali ya Windows 11 Home kwa bei ya Microsoft wenyewe ni dola 139, kwa pesa yetu ni zaidi ya laki tatu kwa kompyuta moja.

Na hata angeipata hiyo pesa isingesaidia. Windows 11 inataka prosesa ya Intel kuanzia kizazi cha 8 na chipu ya usalama inaitwa TPM 2.0, zile Dell zake za kizazi cha 3 haziingii. Windows 10 nayo Microsoft walishatangaza kwamba tarehe 14 Oktoba 2025 wanaacha kuitolea masasisho ya usalama ya kawaida. Wakati tunaongea ilikuwa Novemba 2024, umebaki kama mwaka. Nikamwambia Mwalimu shikamoo, hizi mashine zako bado nzima, ni mfumo endeshi tu ndo unazikimbia, kuna mfumo wa bure na wa halali utazifaa.

Swali lake la kwanza lilikuwa zuri kuliko ya mafundi wengi niliowahi kuongea nao. Akaniuliza, "Mwanangu, sasa kama ni bure hao wanaoutengeneza wanakula nini?"

Nikamweleza. Kiini chake kilianzishwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa chuo kikuu cha Helsinki kule Ufini, Linus Torvalds, akakiweka wazi kila mtu akione na kukirekebisha, na leseni yake, GPL, inasema ukikirekebisha ukagawa basi na marekebisho yako uyatoe wazi vile vile. Leo wengi wanaoandika ile kazi wameajiriwa na makampuni makubwa kwa sababu seva zao zinakitumia, Mint yenyewe inaishi kwa michango na wafadhili. Nikamwambia hata simu yako ya Android hapo mkononi ndani yake kuna Linux. Akaigeuza simu akaiangalia nyuma kama anatafuta maandishi. Nilipomwambia Mint imejengwa juu ya Ubuntu na hilo ni neno la ndugu zetu wa kusini mwa Afrika lenye maana ya utu, hapo akacheka akasema basi hao ni watu wetu.

Akakubali. Na hapo ndo nikaharibu.

Jumamosi usiku nikachukua kompyuta zote mbili za mbele, nikahamisha mafaili yake kwenye hadidiski ya nje, nikafuta kila kitu nikaweka Linux Mint 22 toleo la Xfce ambalo ni jepesi. Faili lake nilikuwa nimelidanlodi usiku wa jana yake kwa bando, karibu GB 3. Saa sita usiku zote mbili zinawaka haraka kuliko zilivyowahi kuwaka, printa ya rangi imejitambua yenyewe bila kuwekewa draiva, ile programu ya kuiunganisha na kompyuta, fotokopi mashine nayo imekubali, nikaenda kulala nimeridhika kabisa.

Jumatatu asubuhi akaja mwalimu wa sekondari moja ya jirani na mtihani wa kufunga mwaka kwenye flashi. Naomba mniruhusu nikae hapa kidogo maana hapa ndo pana somo lote. Mtihani umeandikwa kwenye Word kwa fonti ya Calibri, kurasa tatu, zimebanwa vizuri kabisa, swali la saba lina mchoro wa wenzo, ule mti na egemeo lake na mzigo upande mmoja. Binti akafungua kwa LibreOffice, programu ya bure inayokaa mahali pa Word na wenzake, akaona maandishi yapo, michoro ipo, akatuma fotokopi mashine nakala 180. Zimetoka zote. Mwalimu wa watu anachukua ya juu anaangalia, mchoro wa swali la saba haupo chini ya swali la saba, umeruka ukurasa wa pili umeenda kukaa juu ya swali la tisa, na kurasa zimekuwa nne, ya nne ina mistari miwili tu. Calibri haikuwemo kwenye ile kompyuta, LibreOffice ikaweka fonti nyingine iliyo pana kidogo, na mtihani uliobanwa vile ukiongeza upana hata kidogo basi mstari mmoja unasukuma mwenzake mpaka mwisho. Karatasi 720, karibu rimu moja na nusu, zimeenda kufungia maandazi.

Dawa yake ni ndogo mpaka inaumiza kuisema. Kuna fonti ya bure inaitwa Carlito imetengenezwa iwe na vipimo sawasawa na Calibri, herufi kwa herufi, na Caladea kwa ajili ya Cambria, na Liberation Serif inasimama pale pale penye Times New Roman. Zote unaweka kwa dakika tano. Mi sikuweka Carlito kwa sababu sikujua pale panaprintiwa mitihani kiasi gani, sikuuliza.

Siku zilizofuata ni mfululizo. Kale kaprinta ka leza hakakuwa na draiva ya Linux inayoeleweka, nikahangaika nako masaa manne kakaprinti kurasa mbili kakaganda, nikakawasha tena kakaprinti moja kakaganda. Mteja wa kadi za harusi akaja anataka zile zile za dada yake za mwaka jana, zipo kwenye Publisher, programu ya Microsoft ya kupangia kadi, faili la pub, LibreOffice Draw, ile ya kuchorea, inaweza kulifungua lakini majina ya wazazi yakawa yamepanda juu ya maua. Wateja waliochapiwa CV wakaondoka na faili la odt kwa sababu LibreOffice ndo inahifadhi hivyo usipoiambia, mmoja akarudi kesho yake kutoka Ndanda, nauli yake, simu imekataa kufungua. Huyu wa Ndanda ndo aliyeniuma zaidi.

Siku ya tisa Mwalimu akaniita pembeni, hakupandisha sauti, akasema, "Mwanangu, najua unanitakia mema. Lakini wiki hii ndo wiki ya mitihani, nirudishie kama ilivyokuwa." Nikarudisha usiku ule ule, na gharama zote zikawa zangu.

Sa wengi wakifika hapa wanasema Linux haifai kwa biashara. Mi niliona kwamba sikuwa naijua biashara. Nilijua kompyuta zina nini ndani, sikujua watu wanakuja pale kutaka nini. Kwa iyo Januari 2025, fujo la fomu za kujiunga kidato cha kwanza lilipopoa, nikamwomba Mwalimu kitu kimoja, niruhusu nikae hapa kaunta siku tatu nisiguse kompyuta yoyote. Nikanunua kauntabuku, kila mteja aliyeingia nikaandika mstari, kataka nini, kaja nacho kwenye nini, kimefunguliwa na programu gani, kimetokea kwenye mashine gani.

Siku tatu tu, lakini zilinifundisha kuliko miaka. Kwanza sehemu kubwa ya wateja hawagusi kompyuta kabisa, wanataka kutoa kopi kitambulisho cha NIDA au kadi ya kliniki basi. Wanaofuata mafaili yao yanakuja kwa WhatsApp, PDF au picha, na WhatsApp ya kwenye kompyuta inafunguka ndani ya brauza. Wanaofuata ni mambo ya mtandaoni, Ajira Portal, matokeo ya NECTA, RITA, watu wa AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima, na karatasi zao za korosho, yote hayo ni brauza tupu, Firefox ya Linux na Firefox ya Windows hazina tofauti. Af picha za pasipoti. Af kuchapa barua. Nilipofika mwisho wa kauntabuku nikakuta vitu ambavyo kweli vinaidai Windows ni viwili tu, mafaili ya zamani ya Publisher na kale kaprinta ka leza. Viwili! Na vyote viwili vilikuwa vimenipiga wiki ya kwanza kwa sababu sikuvitafuta.

Mara ya pili tukaenda kinyumenyume. Hatukugusa mfumo. Tulibaki kwenye Windows ile ile, nikaweka humo humo LibreOffice, Firefox na GIMP ya kuhariri picha, maana zote zina matoleo ya Windows na zote ni bure. Nikaweka Carlito na wenzake, nikaiambia LibreOffice ihifadhi kama docx, faili la Word, siku zote bila kuuliza. Mwalimu na binti wakafanya kazi hivyo wiki tatu, na ikishindikana kabisa Word bado ipo pale pembeni wanafungua. Kila kilichowashinda wakaandika kwenye kauntabuku, jioni napita nasoma. Wiki ya kwanza ukurasa mzima. Ya pili mistari sita. Ya tatu mistari miwili, na mmoja ulikuwa umeme umekatika.

Ukifika hapo, kubadilisha mfumo chini yake mtu hata hashtuki sana, maana alichokuwa anakiona kwenye kioo ni kile kile. Hii ndo sehemu ambayo naisisitiza kwa yeyote atakayeniuliza, badilisha programu kwanza, mfumo uje mwisho.

Mwisho wa Februari nikaweka Mint 22.1 kwenye Dell moja tu, ile ya binti, nikanunua na SSD, diski ya kisasa yenye kasi, maana hadidiski ya zamani ilikuwa inalalamika, na nikaiacha Windows ikae pembeni yake kwenye diski ya zamani ili wakikwama wawe na pa kurudi. Hiyo nayo ina mambo yake mawili ambayo yatakukuta. La kwanza, Windows ina kitu kinaitwa Fast Startup, kikiwepo ukizima kompyuta Windows inakuwa haijazimika kweli, kwa iyo ukiingia Linux unakuta mafaili ya upande ule unaweza kuyasoma lakini huwezi kuyahifadhi, lazima ukaizime hiyo Fast Startup. La pili ni saa. Siku moja Mwalimu kanipigia, mbona kompyuta inasema saa moja asubuhi na hapa ni saa nne wateja wamejaa? Linux inaiweka saa ya ndani ya mashine kwa saa ya dunia, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi tupo mbele masaa 3, basi kila akiingia Windows anarudishwa nyuma masaa 3. Amri moja, timedatectl set-local-rtc 1, yakaisha. Baada ya mwezi binti hajaingia Windows hata mara moja, nikaifuta, na Dell ya Mwalimu ikafuata.

Kompyuta kongwe ya pembeni ndo ikabaki na Windows. Tumeitoa intaneti kabisa, hamna flashi ya mteja inayochomekwa humo moja kwa moja, kale kaprinta kapo nayo na Publisher ipo humo. Kuprinti, binti anaandaa PDF kwenye Mint, anaipeleka kwa flashi ya duka yenye utepe mwekundu. Kuna watu waliniambia hapo hujahama, umehama nusu. Mi naona tumehama pale palipohitajika, na sitamtupia mama wa watu printa inayomlisha ili mimi nijisikie vizuri. Hata hivyo Publisher yenyewe Microsoft wamesema wanaiacha Oktoba 2026, kwa iyo kadi zinazotoka sana, za harusi, za mialiko ya unyago na jando, binti anazitengeneza upya moja moja kwenye Draw kila akipata nafasi.

Mitihani ikawa na sheria yake, na imeandikwa kwa marka ukutani: faili linageuzwa PDF kwanza, mwenye mtihani anaangalia kwenye kioo ukurasa kwa ukurasa, anasema sawa, ndo linaenda mashineni. Hiyo sheria ingetakiwa kuwepo hata kwenye Windows.

Sasa flashi, maana ndo zilinileta. Wiki ya kwanza ya Machi akaja dada mmoja mwanafunzi wa chuo, analia kabisa, ripoti yake ya utafiti yote imegeuka shotikati, pale alipotoka wameshamwambia mafaili yamekufa. Binti akachomeka kwenye Mint. Kwenye kioo zikatokea zile shotikati zote, zimekaa kama mafaili madogo yasiyo na kazi, na katikati yao folda moja haina jina, pana nafasi tupu tu chini ya picha ya folda. Akaibonyeza mara mbili, mafaili yote yamo humo, ripoti, picha, kila kitu. Kile kirusi huwa hakifuti, kinayabeba mafaili na kuyaficha kwenye folda ya hivyo kwa alama ya kuficha ya Windows, na Linux kwa kawaida haiifuati hiyo alama, inakuonyesha vyote. Binti akayatoa, akafuta zile shotikati na lile faili la vbs lililokuwa linazizalisha, akamrudishia. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yao, mkono mdomoni. Tangu siku hiyo pale nje pana karatasi imebandikwa, TUNARUDISHA MAFAILI YA FLASHI, na watu wanatoka mpaka Nachingwea.

Ila msidanganywe kwamba Linux ndo imemaliza virusi. Flashi yenye kirusi ukiinakili kwenye flashi nyingine kupitia Mint, umekibeba kirusi umempelekea mtu mwingine. Hakikudhuru wewe, kitamdhuru yeye. Kwa iyo kufuta ni kazi ya kila flashi.

Kuna jambo moja sijalimaliza na silifichi. Binti aliniambia mapema tu, "Kaka, mi nikija kuomba kazi ofisini wataniuliza Word na Excel, nitawaambia nini?" Ni kweli. Kila tangazo la kazi linataja hizo. Nilimwonyesha kwamba fomula za LibreOffice Calc, SUM, IF, VLOOKUP, zinaandikwa vile vile, lakini vitufe na mpangilio ni tofauti na anayekusaili hatakaa kukusikiliza. Tulichokubaliana na Mwalimu ni kwamba mchana duka likitulia anakaa ile kompyuta ya pembeni anajifunza Excel yake saa moja. Kama ingekuwa duka limehama lote asilimia mia, huyu mdogo wangu angekosa hilo, na mimi nisingelifikiria kama asingesema.

Tarehe 14 Oktoba 2025 ikafika, ikapita. Niliamkia pale dukani siku hiyo nikamkuta Mwalimu anabana fomu za watu na stepla, nikamwambia leo ndo ile siku, akaniuliza siku gani. Mint yake itapata masasisho mpaka 2029, na huwa anayaruhusu usiku bando likiwa la bei nafuu, haijawahi kumkatia kazi katikati. Tangu Februari hajamwita mtu wa kupiga Windows. Mimi nilimdai SSD mbili na kazi ya siku sita, akanilipa kwa awamu, na ya mwisho aliongezea kilo mbili za korosho.

Kauntabuku bado ipo chini ya kaunta. Nimepita wiki iliyopita nikafungua, mstari wa mwisho ni mwandiko wa binti: mteja kaja na kadi ya pub ya mwaka 2019, nimemfungulia kompyuta ya pembeni, nimemtengenezea na mpya kwenye Draw, kachukua zote mbili.